Fundi Talitha, patroni ya Mbayo na mvuke wa Luena

Naapa kabla hujanikatiza: yote utakayosoma hapa ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje. Naapa kwa filimbi yangu ya kazini, kwa meno sita yaliyobaki kinywani, na kwa mama mkwe wangu, ambaye yu hai, ana macho mazuri na husoma gazeti hili kabla yangu. Basi tuendelee.

Saa moja asubuhi. Barazani kwa fundi Talitha Monga, nyuma ya stesheni ya Kamina, pasi ya makaa inafuka na cherehani imekwisha kuamka. Mkono wa kulia unaongoza kitambaa. Wa kushoto umelazwa juu ya mto mdogo, kama mgonjwa aliyeletwa kutazamwa na ndugu. Kila baada ya mshono mmoja mrefu Talitha anauinua juu, anahesabu hadi ishirini, anaulaza tena.

"Karibu, Tonton," ananiita mjomba kwa Kifaransa, bila kuinua macho. "Kaa pale kwa kiti. Lakini usikanyage mapatroni yangu. Miguu yako iko mikubwa sawa pirogi ya wavuvi."

Mapatroni ni karatasi za mifuko ya saruji, zilizokatwa kwa kipimo cha kila mteja na kutobolewa tundu la kutundikia. Zinajaza ukuta mzima. Za juu ni za Talitha. Za chini, zilizogeuka rangi ya chai, ni za marehemu mama yake, Léa, aliyeshona kwenye baraza hii hii na kwa cherehani hii hii.

Talitha ana miaka arobaini na sita. Vazi kamili la kitenge analishona kwa faranga elfu ishirini na tano. Zamani alimaliza matano kwa wiki. Sasa, kwa mkono huo unaovimba, anamaliza mawili, na wiki ikiwa ya baraka matatu.

"Bateja banangoja," anasema kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambamo mimi ni minyi na ndiyo ni njo. "Mwenye hapana kungoja, aende na amani. Minyi pia nimejifunza kungoja."

Juu ya rafu, kati ya nyuzi nyekundu na nyuzi za kijani, kuna kichupa cha plastiki chenye mdomo mpana na kifuniko cha buluu. Kiko tupu. Kimekaa hapo siku ishirini na tatu. Kabla sijakiulizia, Talitha ananiwahi.

"Ile njo habari yenyewe, Tonton. Hii ingine yote iko njia ya kufika pale."

*

Habari ilianza mwaka jana, na ilianza kwa utepe wa kupimia. Talitha alikuwa anajikatia blauzi ya Pasaka. Alizungusha utepe kifuani, akaona vidole vimegota kwenye kitu kigumu, kidogo kama karanga, upande wa kushoto.

"Nimepima vifua vya nusu ya Kamina," anasema. "Najua vile vinakuwaka. Ile haikuwa ya kifua."

Kutoka hospitali ya hapa alitumwa Lubumbashi, siku mbili za barabara juu ya magunia ya makaa. Daktari alisema ni saratani. Titi lilitolewa, mkono wa upande ule ukaanza kuvimba, dawa za mshipa zikafuata, nywele zikaenda na zimeanza kurudi, laini kama za mtoto mchanga. Hayo yote, anasema, aliyameza. Kilichomkwama kooni ni kipimo kilichokuja baadaye.

Muuguzi mmoja, jina lake Tshiala, alimkalisha kwenye chumba kidogo akamwambia kuna uchunguzi wa ukoo. Unatoa damu au mate. Vinasafirishwa nje ya nchi. Huko wanasoma maandishi madogo sana yaliyomo mwilini, yale ambayo kila mtu huyapata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kosa moja mahali fulani katika maandishi hayo huacha mlango wazi kwa saratani ya titi na ya mifuko ya mayai. Mwenye kosa si lazima augue. Lakini akijua, atachunguzwa mapema, na kuna mengi ya kufanya kabla mwizi hajaingia.

"Minyi nilikasirika," Talitha anakiri. "Nikamwambia: Mama Tshiala, mumekwisha kukuta ugonjwa mu mwili yangu. Sasa munaenda kumutafuta mu nyumba ya mama yangu? Kesho bantu batasema tuko ukoo ya kulogwa."

Muuguzi hakubishana. Aliuliza kazi yake. Aliposikia ni fundi, akasema: "Basi weye unajua. Patroni ikikatwa vibaya, je, kosa ni la blauzi?"

Talitha alinyoosha mkono, damu ikatolewa.

Majibu yalichukua wiki saba. Katika chumba cha kungojea alikutana na mwanamke wa hapa hapa Kamina, Mwajuma, mfanyabiashara wa vitenge ambaye babu zake walitoka Maniema. Walikuwa wamenunuliana na kuuziana miaka kumi bila kujua kwamba siku moja watavuliwa blauzi na daktari mmoja. Walifunguliwa bahasha zao siku moja.

Ya Talitha ilionyesha kosa. Ya Mwajuma haikuonyesha chochote. Aliyelia ni Mwajuma.

"Watu hawanielewi," Mwajuma alinieleza dukani kwake, akikunja kitenge kilichokuwa kimekwisha kukunjwa. "Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mabinti zangu. Lakini mwenyewe nilibaki na swali langu mkononi. Mwenzangu amepata mahali pa kuweka kidole. Mimi ugonjwa wangu umetoka wapi? Nilirudi nyumbani kama mtu aliyekwenda kushitaki akakuta korti imefungwa."

Talitha, kwa upande wake, alitafuta wa kumkasirikia akamkosa. Mama yake amekufa. Baba yake amekufa. Muuguzi alimwambia hata wanaume hulibeba kosa hilo na kulipitisha bila wao kuumwa. Hapo, wasomaji wanaume, naomba tukae vizuri kwenye viti vyetu.

Halafu muuguzi akachukua karatasi na kalamu, akachora ukoo.

"Aliniuliza: mama yako alikufa na nini? Nikajibu: kifua. Aliandika. Akauliza: na mama mudogo, unaye? Nikajibu: nilikuwa naye, Mbayo, alikufa na mvuke ya treni." Talitha anasimamisha cherehani. "Akaweka bic chini. Aliniangalia vile unaangalia muntu amelewa asubuhi."

*

Ili msomaji asiweke naye kalamu chini, turudi mwaka 1984.

Kamina ya wakati ule! Treni ilipopiga honi kwenye kona, watu walirekebisha saa zao. Samaki wa Bukama walishushwa bado wanapepesa macho. Jumapili baada ya misa, wanawake walipita mbele ya stesheni katika mavazi ya Mama Léa, mabega ya blauzi yamefura kama mkate, na wanaume wa reli tulijifanya tunakagua magurudumu ya mabehewa yaliyokuwa hayana safari mwezi mzima.

Mzuri kuliko wote alikuwa Mbayo, mdogo wake Léa. Alisafiri na treni hadi Luena kuuza samaki wakavu, akirudi na unga. Kicheko chake kilianza behewa la nne na waliokuwa la kwanza waliuliza kuna nini. Kuna wanaume waliokwenda Luena bila shughuli yoyote, tikiti mkononi, ili wakisikie tu. Sitaji majina.

Mwaka huo Mbayo alitoweka miezi miwili. Aliporudi, kifua kilikuwa kimefungwa na upande mmoja umelala. Hakueleza mtu. Dada yake Léa naye alifunga mdomo. Na mji ambao haujaambiwa jambo hujiambia wenyewe: ikasemwa kwamba mama yao, bibi mzee aliyekuwa anaishi nao, ndiye aliyemla binti yake upande ule, na upande wa pili ungefuata. Siku ya tatu jiwe likaanguka juu ya bati la bibi.

Ndipo mfanyakazi mmoja wa reli, mtu wa breki, kijana mwenye mdomo kuliko mshahara, alipofika kwenye baraza hii mbele ya umati wa kutosha na kueleza alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Luena, saa nne asubuhi. Injini ya zamani ya kupangia mabehewa, chuma cha tangu Wabelgiji, ilipasuka bomba. Mvuke ulitoka kama nyoka mweupe. Ulimpita mkuu wa stesheni. Uliruka mbuzi wawili. Ukamchagua Mbayo, kifuani, kushoto. Ulikuwa mkali kiasi kwamba magunia mawili ya mahindi yaliyokuwa kwenye jukwaa yaligeuka bisi, watoto wakala. Yeye mwenyewe alimvuta Mbayo kwa kilemba, la sivyo angekwisha.

Mtu wa reli akisema jambo la reli, nani atambishia? Jiwe la pili halikurushwa. Kwa muda wa miezi watu walisimama mbali na injini yoyote, hata iliyozimwa. Bibi alikufa kwa uzee wake, miaka mingi baadaye, akiwa na kila kitu alichozaliwa nacho.

Mama Léa alimkatia mdogo wake blauzi ambayo Kamina haijaona tena. Ndani, upande wa kushoto, aliweka mfuko wa siri, na ndani ya mfuko mto wa pamba ya msufi, na katikati ya mto konzi ya maharagwe ili uwe na uzito na blauzi ikae sawa. Hivyo Mbayo alirudi kanisani, ameinua kichwa. Jumapili moja ya masika, baada ya kunyeshewa njia nzima, maharagwe yale yaliota, na wakati wa matoleo jani la kijani lilichungulia kwenye kola. Padri aliliona. Kiapo changu cha mwanzo kinahusu na jani hilo.

Mbayo alikufa mwaka 1987. Ilisemwa mvuke ulikuwa umebaki ndani. Mwaka ule ule Léa alijifungua binti wa mwisho, akampa jina la marehemu kama ilivyo desturi ya Waluba: Mwila Mbayo. Léa naye alikufa 2003, "kifua", na mlango ukafungwa juu ya neno hilo.

*

Kichupa cha buluu kilicho kwenye rafu ni cha Mwila.

Ana miaka thelathini na minane. Mume wake ni askari, wanaishi Base ya Kamina, kambi ya jeshi nje ya mji, na yeye anauza mikate ya mafuta na chumvi ya kupima. Ana binti watatu. Kosa lililoonekana kwa Talitha laweza kuwa kwake au lisiwe, nusu kwa nusu. Kwa kuwa Lubumbashi ni mbali, muuguzi Tshiala alimpa Talitha kichupa aje nacho: mdogo mtu ateme mate hadi kwenye mstari, afunge, dawa iliyo kwenye kifuniko imwagike, kitumwe. Hakuna sindano. Masharti ni kutokula wala kunywa nusu saa kabla.

Mwila alikataa. Kwanza, mate. Nani anawapa watu asiowajua mate yake, yasafirishwe nchi asiyoijua?

"Hiyo nilijua kuijibu," Talitha anasema. "Nilimwambia, yaya yako, dada mukubwa, amepeleka damu na bado iko hapa anakugombeza. Lakini ile ingine sikuweza."

Ile nyingine ni jina. Kwa Mwila, yeye na mama mdogo aliyemwachia jina ni kitu kimoja. Mbayo alikufa kwa treni. Basi kifo cha jina hilo kiko kwenye treni, na Mwila amejilinda nacho maisha yake yote. Hajapanda treni hata mara moja. Akija mjini kutoka Base haikati reli mbele ya stesheni: anazunguka kupitia sokoni, kilomita nzima na ushei ya ziada, beseni la mikate kichwani, tangu akiwa msichana.

"Aliniambia: yaya, weye ugonjwa yako ni ya kwako, pole. Mama, kifua. Mama mudogo, mvuke. Mvuke haiingiake mu mate ya muntu." Talitha anafuta jasho kwa ukingo wa kitenge. "Nilitoka kule nalia. Sababu akili yake iko sawa, Tonton! Kama ile mvuke ni kweli, Mwila ana haki."

Aliporudi nyumbani alianza kushusha mapatroni ya mama yake, moja moja, bila kujua anatafuta nini. Yalikuwa mia mbili na kitu. Wenyewe wengi walikuwa marehemu. Aliwatambua kwa viuno na mabega: mke wa mwalimu, mtawa mmoja mnene aliyependa kucheka, mama wa mkate. "Kamina yote ya zamani ilikuwa chini hapa imelala," anasema. "Nilivuka juu ya Kamina na miguu mitupu."

Mbayo alikuwa wa mwisho ukutani, nyuma ya kalenda.

Talitha anakwenda kuichukua ili niione. Ni kifua cha blauzi ya mwisho aliyokatiwa Mbayo. Upande wa kulia una mkunjo wa kawaida, ule ambao fundi huuacha ili titi lipate nafasi. Upande wa kushoto umekatwa bapa, na pembeni kuna mstari wa mfuko wa siri. Chini, kwa penseli, kwa herufi za Mama Léa zilizosimama wima kama watoto wa shule:

"Mbayo. Kushoto docteur amekata, uvimbe. Na kulia umeanza. Nisiseme kwa bantu. Na minyi nasikia kama jiwe ndogo, kushoto."

Karatasi ina tarehe ya Januari 1987. Léa alinyamaza na jiwe lake miaka kumi na sita.

Nilikuwa nimeacha kuandika. Kwa mbali honi ya treni ilisikika, au niliidhania.

"Nilipeleka hii kwa Mwila," Talitha anaendelea. "Alisoma. Alilia. Halafu aliniambia: Mama aliandika vile aliona. Lakini yule muntu wa reli naye aliona. Alikuwa pale, alimuvuta na kilemba. Pengine ni vyote viwili. Niletee yule muntu. Akiniambia na mdomo yake hakukuwa mvuke, nitatema leo leo."

Alikaa, akakunja mikono kifuani, akaniangalia.

"Njo ile nilikuitia, Tonton Malachie. Andika sasa jina ya yule muntu wa reli. Andika vizuri, gazeti isome."

*

Nimeandika habari nyingi tangu nianze pensheni. Hii ni ya kwanza kunigeukia ikiwa bado mkononi.

Nilijaribu kwanza njia za kawaida. Nilisema ni zamani sana. Nilisema kulikuwa na moshi mwingi.

"Moshi ao mvuke?"

"Mtoto wangu..."

"Tonton, weye ulikuwa Luena ile siku?"

Sikuwa Luena. Ile siku nilikuwa hapa Kamina, nimelala, zamu yangu ilikuwa mchana. Hakuna bomba lililopasuka. Wala mbuzi. Wala bisi. Nilimwona Mbayo akishuka na bandeji, nikasikia yanayosemwa juu ya mama yake, nikaona jiwe limekwama kwenye bati. Sikuwa na cheo wala pesa. Nilikuwa na mdomo. Mbayo aliposikia nilichokisema, alinifuata nyuma ya ghala la mizigo na nilidhani atanipiga kofi. Alicheka hadi akajishika upande. "Weye Malachie, unaniunguza na mvuke minyi? Na mbuzi unaruka?" Kilikuwa kicheko cha mwisho cha behewa la nne nilichokisikia. Miaka arobaini nimeirudia habari ile kwenye kila matanga, na kila mara nikiongeza kitu kidogo, kwa sababu kila nikiirudia alikuwa anacheka tena.

Nilimweleza Talitha hivyo. Hakunifokea. Aliinua mkono wake wa kushoto, akahesabu hadi ishirini.

"Uliponyesha tata," alisema hatimaye, maana yake nilimwokoa bibi yake. "Aksanti kwa ile. Sasa lipa."

"Nilipe nini?"

"Baiskeli yako iko na upepo?"

*

Base ya Kamina si karibu kwa mwenye miaka sabini na miwili. Talitha alikaa nyuma, kichupa kwenye mkoba. Mwila tulimkuta mbele ya karai la mafuta, unga hadi kwenye viwiko. Aliponiona alijifuta mikono taratibu.

"Weye njo ulimuvuta na kilemba?"

"Mimi ndiye niliyesema hivyo."

"Sikuulize ulisema nini."

Nilivua kofia. Nilimwambia kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu 1984 habari ilikuwa fupi. Hakukuwa mvuke. Mama yako mdogo alikuwa na ugonjwa wa dada yako. Aliniachia nidanganye kwa sababu ya bibi yako. Treni haijawahi kumtendea neno.

Mikate ilikuwa inaungua. Talitha aliinama akaitoa.

"Miaka yote," Mwila alisema polepole, "nazunguka soko. Na mvua. Na mimba. Na beseni. Weye mzee unajua iko mita ngapi?"

"Kilomita moja na robo. Nimeipima leo."

Sijui kama alikuwa anacheka au analia, mabega yalikuwa yanatikisika vile vile. Halafu akaketi juu ya kigoda, akamwambia dada yake: "Leta ile kitu. Sijakula tangu asubuhi."

Kutema mate hadi kwenye mstari si kazi ndogo kwa mtu aliyetoka kulia. Ilimchukua robo saa. Talitha alimkumbusha ndimu, embe bichi, tamarindi. Mimi nilimkumbusha tumbaku mbichi ya mjomba wangu, nikaambiwa ninyamaze. Kifuniko kilipofungwa, dawa ya buluu ilishuka, Mwila akakitikisa kichupa karibu na sikio lake kama anasikiliza redio.

"Kama ikionekana?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mdogo mtu.

"Tutaenda wawili," Talitha alisema. "Batakuchunguza kila mwaka, ao batakata mbele ya ugonjwa kuingia, weye njo utachagua. Na kama haionekane, tutapika kuku."

Kisha akatoa utepe shingoni, akampima kifua, nyuma, bega hadi bega. Anamkatia patroni mpya. Katika mipango yake, Talitha anataka kushona blauzi za mfuko wa siri kwa wanawake waliotolewa titi, wa Kamina na wa Luena, kwa kipimo cha mama yake. Mwajuma ameahidi vitenge vya kuanzia. Lakini tumaini lake kubwa ni dogo kuliko hilo.

"Patroni ya Mwila iko na pande mbili," alisema. "Hata siku moja ikibidi niikate ya upande mumoja, nataka nikatie muntu anapumua. Mama alikata ya Mbayo akijua anakatia kaburi. Minyi nakataa."

*

Adhabu yangu ilitolewa na Mwila: mwenye uongo ndiye atakayebeba mate. Ninayaandika haya kwenye jukwaa la stesheni ya Kamina. Treni ya Lubumbashi, iliyotarajiwa jana, imeingia leo. Kichupa kiko kwenye mfuko wa shati, kushoto, nimeufunga kwa pini mbili za fundi.

Dada hao wawili wamekuja kunisindikiza. Mwila amekuja kwa njia ya mbele, amekata reli. Alisimama mbali kidogo, halafu akaenda hadi kwenye injini, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo.

"Iko moto kidogo tu," alisema.

Ndipo akanigeukia. "Tonton, na maharagwe? Yaya aliniambia yaliota kanisani."

"Hilo ni kweli tupu," nilisema. "Jani moja, kwenye kola. Padri..."

Talitha aliinua mkono wake wa kushoto, akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na mbili nikashindwa.

Hakukuwa na jani. Faini yake ni kuku, nami, kwa kuwa najijua, niliilipa alfajiri: kuku wangu mwekundu, ambaye mama mkwe wangu anamtafuta tangu asubuhi, amefungwa kwenye mguu wa cherehani barazani kwa Talitha.